Mashine Niliyokuwa Naivunja Kila Asubuhi

Muziki ninaotengeneza una sifa moja kubwa: hakuna anayeuomba. Hapa Kalemie mtu akifanya karamu anaita orkestra, akifiwa anaita kwaya, akichoka anawasha redio. Hajatokea hata siku moja mtu wa kubisha mlangoni na kusema, "Mama, harusi ya mtoto wetu ni Jumamosi, tafadhali utuletee ile sauti yako ya friji inayokata roho." Nasema mapema, msije mkanidhania mtu wa maana.

Kazi yangu inayojulikana ni kutengeneza simu na redio, kwenye meza karibu na soko. Ile isiyojulikana inakaa sebuleni: sanduku la mbao lenye urefu wa meza, limejaa vipande vya sintetiza, mashine ya kuunda sauti kwa umeme. Kipande kimoja kinatoa mlio, cha pili kinaukata, cha tatu kinauchelewesha, cha nne kinauamuru ulie lini na unyamaze lini. Havijuani mpaka uviunganishe kwa waya, na hizo waya ni nyingi hadi Shangazi anasema nimefuga tambi. Vipande vichache nililetewa na mtu anayevuka kwenda Kigoma. Vingi nimevijenga mwenyewe kutoka kwenye maiti za redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Na mashine hii haina kumbukumbu. Sauti ni namna waya zilivyokaa na vidude vilivyozungushwa, basi. Ukichomoa, imekwenda, na hata ulie namna gani hairudi vilevile.

Shangazi ni dada mkubwa wa Papa, tunaishi naye tangu mama alipofariki. Kwake sala ni jambo la kelele, na hapendi ushindani. "Zima hiyo kitu," anasema akipiga magoti. "Mungu anashindwa kunisikia." Nazima. Sitaki kuwa sababu ya Mungu kushindwa.

Papa hakulalamika hata mara moja. Papa alikuwa hasikii.

Alikuwa fundi wa mashine za boti, na maisha yake yote ya kazi aliyamalizia chini, kwenye joto na moshi wa mazutu, yaani dizeli: Kigoma na kurudi, Moba na kurudi, Kabimba kuchukua mawe ya chokaa na kurudi. Alipostaafu walimpa mkono na cheti kizuri chenye muhuri. Masikio hawakumrudishia.

Sasa watu wetu, wakiona mtu hasikii, wanamhurumia kwa kumpigia kelele. Wageni wanaingia, wanamwinamia puani: "PAPAAA! HABARI YA SIKU MINGI!" mpaka jirani wa nyumba ya tatu anaitikia nzuri. Akikosea jibu, wanacheka, wanampigapiga begani, halafu wanaendelea kuongea wao kwa wao kana kwamba ameondoka. Binamu mmoja alisema mbele yake kwamba sikio la kufa halisikii dawa, akatuangalia mmoja mmoja aone kama tumeelewa jinsi alivyo na akili. Tulikuwa tumeelewa, jamani, tulikuwa tumeelewa vizuri sana.

Siku moja baada ya chakula Papa akatangaza. "Ninaenda Mpala, kwa mudogo wangu. Nitalima mihogo. Muhogo hauongei, basi siwezi kuukosea jibu." Shangazi akapiga makelele yake. Papa akangoja midomo ya dada yake iache kucheza, kisha akasema, "Hapa niko kama kiti. Hapana. Kiti, watu wanakikalia."

Angepanda boti ya Jumamosi. Neno lilikuwa limekwisha kutumwa Mpala.

Sikutaka aende. Nasema wazi hapa kwa sababu wakati ule sikusema popote. Kwetu baba akitamka safari, mtoto anaitika "ndiyo, Papa," anamfungia dagaa za njiani, anamtafutia sweta. Kumzuia mzazi ni kama kumwambia hajui anachotaka. Kwa hiyo mimi, mwanamke mzima ninayegombana na wateja kutwa nzima mpaka wananiogopa, nilikwenda kutafuta sweta.

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya boti, umeme ulikuwepo mchana, nikawasha mashine. Bafle, kile kisanduku kikubwa cha kutolea sauti, nilikuwa nimekiweka sakafuni. Papa alikuwa amekaa karibu, mguu wake umegusa ubao. Nikamwona anakunja uso.

"Zima," akasema.

Nikajiambia, haya, na wewe pia. Alikuwa mtu pekee katika mtaa mzima ambaye hajanitukana.

"Hii mashini," akasema, "silinda moja haichomi."

Tulikuwa na kaye moja ya shule, daftari nililokuwa namwandikia maneno, maana kumpigia kelele siwezi, mimi si mgeni. Nikaandika: *Papa, hii si mashini ya boti. Huu ni muziki.* Akasoma. Akaniangalia kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye suruali iliyochanika nyuma na hajaambiwa bado.

"Ndiyo," akasema. "Lakini silinda moja haichomi."

Akaenda chumbani, akarudi na bisibisi yake ndefu ya kazi. Mafundi wa zamani wa boti wanasikiliza hivi: ncha unaisimamisha juu ya mashine, mpini unaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mfupa unasikia kile ambacho sikio limeshindwa. Akapiga goti, akasimamisha ncha juu ya bafle, akafumba macho. Nikawasha tena. Mlio wenyewe ulikuwa mzito, wa chini, unakwenda du-du-du halafu unachechemea, kwa makusudi, nilitumia wiki tatu kuufanya uchechemee hivyo. Papa akasikiliza kila kitu. Aliuchora kwa kidole hewani, pigo kwa pigo, na pale penye kuchechemea kidole chake kikachechemea.

Eh Mungu wangu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze upuuzi huu, nilikuwa na msikilizaji.

Nilimwandikia: *Imeharibika kweli. Utanisaidia?* Na hapo sikuwa mjinga, nilijua ninachofanya. Papa ana sheria moja ambayo tulikua nayo: mashine ikiwa mgonjwa, fundi hatoki kwenye boti. Kwa sheria hiyo tulikula Noeli nyingi sahani yake ikiwa imefunikwa mezani.

Jumamosi boti ikaenda Mpala bila yeye.

Tukafanya kazi. Yeye na bisibisi, mimi na kaye. *Hii waya ya bluu?* "Toa." *Kidude cha tatu?* "Rudisha nyuma kidogo. Kidogo, nimesema, unakamua nini?" Mimi nimejifundisha kwa miaka kutengeneza sauti zinazoyumba, zinazokohoa, zinazokataa kufika. Watu wa ng'ambo wanaita hiyo majaribio. Papa aliita uzembe. Alitaka mashine iende sawa, du-du-du-du, mpaka Kigoma, na jioni moja tu ya kazi yake iliweza kufuta ubunifu wangu wa mwezi mzima. Nilikasirika? Nilikasirika sana. Nilimwandikia ukurasa mzima kuhusu uhuru wa msanii. Akasoma mpaka chini, akasema, "Mandiko yako yamekuwa mabaya."

Lakini kila asubuhi alikwenda misa, anayoisali kwa macho, na mimi nikabaki nyumbani kuvunja alichotengeneza. Nahamisha waya mbili, nazungusha kidude kimoja, nafuta alama za vidole. Anarudi, anapiga goti, anasimamisha bisibisi. "Aa!" anasema, na uso unang'aa. "Imerudi tena!" Sijawahi kumwona mtu anayefurahia ugonjwa kiasi kile.

Akaanza kula mpaka mwisho wa sahani. Akaanza kusimulia tena, habari za mashine za zamani, ipi ilikuwa mvivu, ipi ilikuwa na wivu. Wageni walipokuja kumpigia kelele, aliinua mkono bila kugeuka: "Niko kazini." Wakaondoka wamenuna, na sikumbuki siku tamu zaidi katika nyumba ile. Jumamosi ya pili boti ikaenda. Ya tatu ikaenda.

Shangazi alinikuta asubuhi moja mkono wangu uko ndani ya waya.

"Unamudanganya baba yako."

"Ninatengeneza muziki, Shangazi."

"Mm. Muziki." Akafunga kitenge upya, polepole, kama anavyofanya akitaka kuuma. "Mficha uchi hazai, wewe mutoto. Unataka kitu, sema kitu."

Nikamjibu kwamba Papa hasikii, kwa hiyo sina wa kumwambia. Nilijiona mwerevu. Nilirudia jibu hilo kichwani siku nzima nikiwa kwenye meza yangu, nikalipenda.

Sasa, wale watu wa ng'ambo. Kuna kikundi kinachokusanya muziki wa namna hii kutoka kila pembe ya dunia, na nilikuwa nimewaandikia mara nyingi kwa unyenyekevu wote. Wiki ile wakajibu. Walitaka kipande kimoja cha muziki kutoka kwangu, wiki hiyohiyo, na wakauliza kwa adabu kama kingeweza kuwa na "ladha ya ziwa". Ladha ya ziwa! Nilifikiri niwatumie kilo ya dagaa. Badala yake nikaruka sebuleni kama mbuzi.

Bahati iliyoje, mashine siku ile ilikuwa inalia vizuri kuliko siku zote. Papa alikuwa ameinyoosha karibu yote, na kuchechemea kulikobaki kulikuwa kudogo, kwa upole, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Kilikuwa kipande kizuri. Hakikuwa changu peke yangu na kilikuwa kizuri. Lakini umeme ulikuja dhaifu, taa zinakuwa nyekundu, siwezi kurekodi. Nikaandika karatasi kubwa, *USIGUSE*, nikaibandika juu ya sanduku. Shangazi hakugusa. Mimi sikugusa. Siku ya kwanza, siku ya pili. Nilikuwa naogopa hata kufagia karibu.

Siku ya tatu umeme ukaja wenye nguvu. Nikavaa vifaa vya masikioni, nikageukia simu ya kurekodia, nikawasha. Papa alikuwa nyuma yangu na bisibisi yake, na nilijua kwamba kidude kimoja alikigusa, kidogo sana, maana sauti ilijikaza ikanyooka. Nywele zilinisimama. Ilikuwa nzuri kupita kipimo, sikumzuia, nani angemzuia? Nilirekodi yote mpaka mwisho, machozi yananitoka kwa kujipenda.

Nilipogeuka, alikuwa anafuta bisibisi kwa kitambaa.

"Imepona," akasema.

Akaenda chumbani kukunja mashati yake.

Siku tatu nilikuwa nimesahau kuivunja. Nilikaa pale, vifaa vya masikioni shingoni, ninajua sawasawa nilichobadilisha na nilichopata. Kikundi kile kilipokea kipande changu. Waliandika kwamba wameguswa. Hongera kwangu.

Ijumaa asubuhi niliivunja kama mwendawazimu. Nilichomoa nusu ya waya, nikageuza kila kidude, mashine ikawa inapiga mayowe ya nguruwe. Papa akarudi kutoka misa, nikamvuta mkono, nikamwonyesha. Akapiga goti, kwa adabu. Akasimamisha bisibisi, akafumba macho, hakukaa sana.

"Hapana," akasema. "Hii si ugonjwa. Hii ni mukono wa mutu."

Hakukasirika hata kidogo. Akaomba chai.

Jumamosi tulimsindikiza ufukweni. Boti ya mbao ilikuwa imejaa magunia, mabidoni ya mafuta, na mbuzi wawili waliopinga safari kwa sauti kuliko mimi. Binamu yule alikuja kumpigia kelele za mwisho. Shangazi alilia, akasali, akamtukana nahodha. Mimi nilimpa sweta. Papa akakaa kwenye ubao, viatu mapajani, akatazama maji, na wavulana wa boti wakaanza kuvuta kamba.

Nikaingia ziwani mpaka magotini, kaye mkononi. Ilikuwa imejaa kutoka ganda mpaka ganda, na yote yalikuwa maneno yangu kwake: waya ya bluu, kidude cha tatu, Papa sasa je, Papa sikiliza hapa. Ulibaki ukurasa mmoja. Nikaandika: *Papa, usiende. Nataka ubaki na mimi.* Nikamnyooshea.

Akatafuta miwani. Alisoma muda mrefu kwa maneno machache namna ile.

"Hii ungeliandika siku ya kwanza," akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, na boti nzima ikageuka kuniangalia. "Nilikuwa ninangojea. Kila siku ninafungua kaye, ninasema, leo atasema. Wewe unaandika mashini, mashini."

Nikaandika: *Basi shuka.* Kalamu ilitoboa karatasi.

Akatikisa kichwa. "Wale wa Mpala nimekwisha kuwaambia ninakuja. Mudogo wangu amekwisha kunitayarishia shamba." Akanirudishia kaye yangu, akanishika kichwa kwa mkono wote kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, akauondoa.

Nahodha akawasha mashine. Nilisimama ndani ya maji nikaisikiliza kwa nguvu zangu zote, nikitafuta silinda moja tu isiyochoma. Zote zilikuwa zinachoma.