Rangi Iliyokuwa Chini ya Kijivu

Okwach hakuwa mtu wa kutulia. Katika miaka kumi alikuwa amehamisha karakana yake ya kupaka magari rangi mara mbili, kutoka Kirumba hadi Nyegezi, kisha Igoma, na kila mahali aliona kasoro: huku upepo wa ziwa, kule vumbi la barabara. Mkewe, Aluoch, alishazoea kumwona akiacha ugali katikati na kurudi kukagua gari alilosema mwenyewe kwamba limekwisha.

Mwaka 1981 mzee Rweyemamu, afisa ushirika mstaafu, alimletea gari dogo la spoti la milango miwili. Bodi yake haikuwa ya bati, bali ya faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Lilikuwa la kijivu kibovu kisichong'aa.

"Shikamoo mzee. Tulipake rangi gani?"

"Marahaba. Ile lililotoka nayo kiwandani."

"Ndiyo ipi hiyo?"

Mzee akatazama pembeni. Alilinunua mwaka sitini na tano, linawaka kama moto. Azimio la Arusha lilipotangazwa, naye ni kiongozi wa watu, aliona haya kuonekana ndani yake. Akalipaka kijivu mwenyewe, kwa brashi.

"Niliogopa maneno ya watu, fundi. Sasa hata sikumbuki vizuri. Machungwa machungwa hivi."

Okwach alianza kwa pupa. Kwa mazoea ya bati, alipaka dawa ya kubandua rangi kwenye kona ya mlango. Punde faiba ikalainika na kuvimba. Akaimwagia maji, akaifuta, akashinda siku mbili akiiziba. Tangu hapo alikwangua gari zima kwa mkono, kwa msasa na maji, akipapasa kila mara asije akafikia nyuzi.

Chini ya kijivu ikatokea rangi iliyopauka kama tofali. Lakini alipong'oa mpira wa buti, akakuta ukanda mwembamba ambao haukuwahi kupigwa na jua, unang'aa kama papai lililoiva. Hiyo ndiyo aliyoitaka.

Akachanganya nyekundu ya trekta, njano, na nyeupe kidogo. Ikiwa mbichi ililingana, ilipokauka ikakolea. Akaanza upya. Alipaka vipande vya bati kumi na tisa, akavitundika kwenye kamba ya nguo uani.

"Baba Agutu, mimi nguo nianike wapi?" Aluoch akauliza.

"Ngoja kwanza. Hicho cha tatu unakionaje?"

"Vyote ni sawa tu."

"Si sawa!" akafoka, kisha akaona aibu, akaenda mwenyewe kumfungia kamba nyingine.

Kipande cha ishirini kililingana na ule ukanda. Akalipulizia gari lote rangi kwa siku mbili, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

Mzee alipokuja, aliweka kiganja juu ya mlango.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Boneti imekolea kidogo, mzee. Niachie siku tatu."

"Mbona sioni kitu?"

"Mimi naona."

"Fundi, nimeendesha kijivu miaka kumi na minne. Siku tatu ni nyingi."

Akaliwasha. Watu wakatoka vibarazani kutazama, na mzee akawapungia mkono wote.

Okwach alivumilia siku nne. Siku ya tano alibeba msasa na kopo la rangi iliyobaki, akaenda nyumbani kwa mzee, Kapripointi. Mke wa mzee akamwambia kwamba mumewe amekwenda Magu.

"Kufanya nini?"

"Kutembea tu."

Akaketi barazani, akasimama, akaketi tena. Jua lilikuwa limeinama gari lilipoingia, limejaa vumbi. Okwach hakungoja salamu. Alifuta boneti kwa mkono wa shati, akainama kuitazama upande huu na huu.

"Bado unaiona?" mzee akauliza.

"Bado."

Mzee akavua kofia, akacheka. "Haya, boneti tu. Lakini hapahapa uani, na kesho jioni nalitaka. Sasa njoo tunywe chai."

Okwach aliitikia, lakini alikuwa ameshaulowesha msasa kwenye ndoo ya uani na kuinamia boneti.