Mstari Niliouruka

Jumatano ya pili ya Novemba, vuli ikiwa imechelewa, nilimpoteza mume wangu hapa nyumbani Vudee. Kabla ya kustaafu alikuwa mchapishaji wa vitabu mjini Same. Mimi niliishia darasa la nne.

Nikimkumbuka, kwanza hunijia harufu ya wino. Aliingia nayo saa saba mchana, maana hakula chakula cha mchana mahali pengine popote, na watoto walimkimbilia wakanusa vidole vyake. Masalio ya karatasi aliyakata akayashona kwa uzi, yakawa madaftari yao. Miaka ile karatasi ilikuwa adimu, sabuni adimu, hata moto tuliombana na majirani. Lakini nikifumba macho naona upepo wa Same ukiinua vumbi, na yeye ndani ya vumbi anakuja taratibu, bahasha kwapani, kama vile barabara ndiyo inayomleta.

Ndani ya bahasha mlikuwa na prufu, kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa. Jumamosi alasiri tulikaa barazani. Mimi nilisoma mswada kwa sauti pamoja na vituo vyake: mkato, nukta, aya mpya. Yeye alifuata kwenye prufu, na kila mstari ulipokuwa sawa aligonga meza kwa kidole mara moja. Nilizoea kiasi kwamba hata kanisani, nikisali, nilikisikia kile kidole.

Kitabu kimoja kilikuwa kidogo, kuhusu ndiva zetu, yale mabwawa ya milimani tunayofungulia maji mashambani kwa zamu. Mistari miwili ilianza sawa: zamu ya walio juu, kisha zamu ya walio chini. Siku hiyo jirani alipita akasema sukari imefika duka la ushirika. Nikasoma haraka. Nikauruka mstari wa pili, na mpanga herufi naye alikuwa ameuruka kwenye prufu, basi mume wangu akagonga. Niliona. Kidole changu kilikuwa juu ya mstari ule ule. Nikanyamaza, nikamaliza, nikaiwahi foleni. Jioni chai ilikuwa tamu.

Kitabu kilipotoka, wakulima wa mashamba ya chini walimzunguka sokoni wakicheka.

"Mzee, sisi wa chini hatumo kitabuni. Tumwagilie wino?"

"Ni macho yangu," akajibu. "Mnisamehe."

Karatasi ya kuchapa upya haikuwepo. Aliandika mstari ule kwa mkono kwenye vipande, tukabandika kwa uji wa muhogo, nakala moja hadi nyingine, mimi nikipaka uji bila kuinua uso.

Tangu hapo hakuyaamini macho yake. Prufu akampa mtu mwingine azisome. Zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, vitabu vya rangi vikaingia kutoka nje, akafunga ofisi. Alisema afadhali, maana alikuwa haoni makosa tena. Tukapanda huku mlimani, na nikapanda na lile neno langu. Kila mwaka nilisema nitamwambia tukishavuna maharage.

Mwishowe macho yakaenda kweli, na nguvu nazo. Jumanne yake ya mwisho, alasiri, ukungu uliingia dirishani ukatulia juu ya blanketi.

"Nisomee," akasema.

Nikachukua kile kitabu cha ndiva. Nikafika penye kipande, uji umegeuka manjano.

"Baba watoto, hapa niliruka mimi. Niliona, nikanyamaza. Nilikuwa nawahi sukari."

Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yamefunguliwa, yakipita mferejini.

"Siku ile," akasema, "ulinitilia vijiko vitatu."

"Viwili."

"Vitatu, mama watoto. Nikajiuliza nimefanya jema gani."

Akageuza uso ulikotoka mlio wa maji, nikadhani amelala.

"Soma basi," akasema.

Nikausoma ule mstari wa mwandiko wake: zamu ya walio chini huanza jua likivuka utosi, nukta. Kidole chake kikagonga ubao wa kitanda mara moja. Nikasoma uliofuata.