Nilibadilisha kipimo wiki tatu ili dawa ya presha ya mama ionekane halali

Wakuu, habari za mchana. Hili nimelibeba muda mrefu. Naliandika lilivyotokea, siongezi chumvi wala sijisafishi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa diploma ya maabara, chuo kikuu sikufika na sikubebwa na mjomba yeyote.

Nilianza Euless, Texas, kupanga mizigo ghalani karibu na airport. Nika-apply mwenyewe, nikaingia maabara moja Carrollton iliyokuwa inatengeneza njia rahisi ya kugundua dawa feki. Wenye PhD walikuwa wananiita mimi niwaandalie sampuli. Mlioko majuu mnaelewa uzito wa hilo.

Kazi ilikuwa hivi. Unatwanga kidonge, unakiyeyusha, unadondosha tone kwenye kibao chembamba. Pembeni unaweka tone la dawa halisi. Ukimulika kwa taa ya UV, madoa yakilingana, dawa ipo. Doa likififia, umeuziwa unga.

Nilimsimulia mama kwenye simu, yeye yuko Mwanza. Akacheka. "Kumbe umeenda Marekani kutwanga? Mimi natwanga karanga hapa na diploma sina."

Nikataka na kwetu kuwemo kwenye ile kazi. Nikamwomba anitumie vidonge vyake vya presha. Alivileta dada Wanjiru, nesi Mkenya anayeishi Alief, Houston, aliyeolewa na mtu wa Mwanza na alikuwa ametoka ukweni.

Nili-drive karibu masaa manne kwenda kuvichukua. Mama alikuwa amevifunga kwenye kipande cha kanga yake. Nilikinusa nikiwa ndani ya gari, sikuwasha injini kwa muda.

Jumatatu nikapima. Doa lilikuwa hafifu, karibu halipo.

Hapa ndipo nilipokosea wakuu.

Mama hununua dawa kwenye duka la mzee wa kanisa letu, baba yangu wa ubatizo. Dawa yake iwe feki? Nikaamua kipimo ndicho kibovu. Nikaongeza muda wa kutikisa. Nikabadilisha kiyeyusho. Nikatwanga laini zaidi. Wiki tatu nzima.

Dawa nyingine zote zilikubali, ya mama tu ikagoma. Boss akaniambia kipimo kiko sawa, niache kukichezea. Nikamwona hajui watu wa kwetu.

Na kila Jumapili mama ananiambia kichwa kinamgonga. Mimi namjibu anywe maji, apumzike.

Aliyenizindua ni Wanjiru. Alipiga kuuliza kama mzigo ulifaa, nikamweleza.

Akasema, "Ndugu yangu, unapima dawa ama unatetea mzee wa kanisa? Pigia mama saa hii."

Nikapiga. Mama akakataa kata kata. "Baba, yule mzee ni wetu. Hicho kibao chako kinamjua kuliko mimi?"

Nilimbembeleza mpaka akaahidi kwenda hospitali kesho yake. Asubuhi hiyo akaanguka akiwa anavaa viatu. Kiharusi.

Niliacha kazi nikarudi. Yule mzee naye alikuwa ameuziwa na wakala, hakujua. Alilia mbele yangu.

Leo nina duka langu la dawa hapa Mwanza, na nyumba nimejenga kwa jasho langu. Hakuna boksi linalopanda kwenye shelfu kabla sijalipima.

Mama yupo. Anakula, anatembea kwa fimbo. Ila maneno yamegoma. Anasema "ndiyo" na jina langu, basi.

Watu wanadhani nina-miss Texas, barabara na mshahara. Ninachokitamani ni zile Jumapili kwenye parking ya Euless, simu sikioni, mama anaongea bila kupumua na mimi namwambia "mama, subiri kidogo." Nilikuwa na mama zaidi kule mbali kuliko leo tumekaa kiti kwa kiti.

Nilichojifunza: jibu la maabara likikuumiza, bado ni jibu. Pima mara ya pili, ya tatu ukitaka, lakini mgonjwa aambiwe siku ya kwanza.

Wauza mitishamba msinifuate PM.

Wengine nawauliza, hasa mliouguza wazazi wenye kiharusi: sauti ilirudi? Ilichukua muda gani? Andikeni hata mstari mmoja, nitasoma zote.