Alama ya Steinvör

Steinvör, mfugaji wa kondoo kaskazini mwa Iceland, alikosa usingizi wiki nzima kwa hamu. Ísold, binti wa kaka yake, alikuwa anafungua maonyesho ya michoro ya kichawi mjini Reykjavik.

Kuingia tu, akapigwa na butwaa. Ukuta mzima ulichorwa alama anayowachoma kondoo wake kwenye pembe!

“Shangazi, umekasirika?” Ísold akanong'ona.

“Nikasirike nini? Nimekuwa maarufu!”

Kijana mmoja, nguo nyeusi tititi, uso kaupaka masizi, akamwonyesha mkono. Alikuwa amechorwa tatuu ya alama ileile, kaiiga kutoka kwenye bango la maonyesho. “Huu ni muhuri wa mfalme wa giza, mama.”

“Mfalme mwenyewe ndiye mimi. Chenye alama hii ni changu! Septemba tunashusha kondoo kutoka mlimani. Usipokuja, nakufuata na mbwa.”

Watu wakaangua kicheko. Kijana hakucheka.

Septemba akatokea kweli, yeye na wenzake saba, wote wamejipaka masizi. Kondoo kuwaona tu, wakatimua mbio kuteremka hadi zizini. Mbwa wa Steinvör alikaa akitazama. Siku hiyo hakuwa na kazi.