Kopo Nililoliacha Lubumbashi

Mama alinituma Lubumbashi kuleta kitu cha baba yake. Wakati wa vita vya wazungu babu alikamatwa kijijini kwetu karibu na Pweto, akapelekwa kuchimba madini kwa nguvu, asirudi. Mama alikuwa angali tumboni. Matanga hayakufanyika, kwa sababu katika ukoo wetu mkeka wa matanga hautandikwi mtupu. Lazima uwekwe kitu kilichoshikwa na marehemu. Redio iliposema kuwa msanii mmoja ametundika makopo yaliyofukuliwa kwenye kambi ya wachimbaji wale, nilimwambia mama asiwe na wasiwasi. Mimi niliyejisomesha Lusaka kwa kuosha sahani, nikarudi na diploma ya umeme na kuwasha taa za nusu ya Pweto, nishindwe na kopo?

Alfajiri nilipanda lori la samaki wakavu. Njia nzima mpaka mji wa Kasenga dereva alinichokoza.

“Papa diplomé, na weye unakalia samaki?”

“Mwenye iko juu ya samaki hawezi kulala na njala!” nikamjibu.

Lubumbashi, kesho yake. Nimeona maonyesho mengi ugenini. Hakuna lililonishika hivi. Makopo ya enameli, yaliyoliwa na kutu, yametundikwa kwenye mataruma ya reli yaliyosimamishwa, chini kabisa, kimo cha mtu aliyeketi. Nikakaa na suti yangu kwenye mkeka uliotandikwa hapo. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya kutu. Nikasahau kupiga picha.

Mado, msanii mwenyewe, akaketi kando yangu. Nikamwomba kopo moja.

“Hakuna mwenye anajua kopo gani iko ya nani, papa. Nikikupatia weye, bengine batalilia wapi?”

Nikataja diploma yangu. Akacheka.

“Iko muzuri. Lakini angalia huku.”

Kati ya makopo palikuwa na misumari mitupu. Jamaa za waliopotea, akasema, hutundika hapo kopo la nyumbani, ili wale wasinywe peke yao.

Nikatoa mkobani kopo langu la Lusaka, nililonywea chai kavu miaka yote ya masomo na ninalosafiri nalo hadi leo, nikalitundika. Kisha nikaomba ruhusa ya kugusa yale mengine. Nikayagusa yote, moja moja, bila kuruka lolote, maana sikujua lipi lilishikwa na babu.

Pweto, jioni niliyorudi. Mama alinyoosha mikono miwili.

“Iko wapi?”

Nikamweleza.

“Nilikutuma kuleta kopo, weye ukaenda kuacha yako! Hiyo njo diploma yako?”

Kisha akaitazama mikono yangu. “Uliyagusa yote?”

“Yote, mama.”

“Basi leta mukono.”

Akatandika mkeka, akaulaza mkono wangu wa kuume katikati, akawaita majirani. Mkono huu umepokea diploma, umewasha taa za watu. Siku ile ulijifunza kutulia, mpaka mama alipomaliza kumlilia baba yake.