Baba Chini ya Dirisha la Darasa

Siku hizi nikijilaza baada ya sala ya adhuhuri, joto la Garissa hunichukua polepole, nisijue kama nimelala au niko macho. Hapo ndipo ninapomwona baba. Ameketi chini ya dirisha la darasa letu, mgongo ukutani, koti kuukuu la jeshi begani. Ndani tunaimba, "Pa, pe, pi." Nje anaitikia kwa sauti ya chini, "Ba, be, bi." Sisi pia tulikuwa tukisema hivyo, mpaka mwalimu alipotunyoosha ndimi.

Nilikuwa na miaka minane. Serikali ilikuwa ikipigana na wale walioitwa shifta, nasi wafugaji tulikuwa tumekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Ngamia wetu walikuwa wameshachukuliwa. Shule ilikuwa nje ya lango, mwendo mfupi tu. Watoto walipita, lakini mwanamume mzima hakutoka bila kibali. Baba alitoka kwa karatasi yake. Alipewa na Waingereza alipoachishwa jeshi baada ya vita vya Burma, nayo ilikuwa na taji juu na mhuri wa zambarau chini. Hakujua kuisoma. Kila asubuhi alisimama wima mbele ya vijana wa lango, ambao angeweza kuwazaa, akainyoosha kwa mikono miwili.

"Nampeleka mtoto shule, afande."

Walilitazama taji, wakampisha.

Baba wengine hawakufanya hivyo. Mimi nilikuwa msichana pekee darasani, na wenzangu walinicheka kwamba nimekuja na mlinzi. Niliona aibu. Nikamwambia arudi nyumbani, njia naijua. Akasema, "Haya, aabo," kama baba wa kwetu wanavyowaita watoto wao, kisha akabaki palepale.

Siku moja, wenzangu walipokwisha kuondoka, alimwomba mwalimu amsomee karatasi. Mwalimu alikuwa kijana wa bara, mpole, mikono imejaa chaki. Aliisoma kwanza kimoyomoyo, kisha akaanza kutufasiria.

"Kazi, mtunza nyumbu. Tabia, nzuri sana. Kovu, bega la kushoto. Ameoa. Mtoto mmoja, wa kike." Akanishika kichwa, akacheka. "Kumbe Waingereza walikuandika wewe hata kabla hujazaliwa!"

"Habana, Mwalimu," baba akasema. "Huyu ni wa bili."

Mwalimu akaikunja karatasi taratibu, akamrudishia.

Tulirudi bila haraka. Jua lilikuwa limeifanya barabara ipepee kama maji, na kwa mbali lango lilionekana kuelea. Baba alinieleza akiwa anatazama mbele. Alikwenda vitani akimwacha binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Huko Burma, akiwavusha nyumbu matopeni, alikuwa akikisia urefu wake: sasa ananifika gotini, sasa ananifika pajani. Vita vilipokwisha alimnunulia viatu kwa kukisia. Alipofika nyumbani aliambiwa surua ilimchukua katika mwaka wa kwanza tu wa safari. Miaka yote ile alikuwa akimpima mtoto ambaye hayupo.

"Aliitwa nani, aabo?" nikamuuliza, maana kwetu mtoto naye humwita baba hivyo.

Akalitaja. Lilikuwa jina langu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama akipepeta mahindi ya msaada. Nilitaka kumuuliza, nikashindwa. Niliketi karibu naye, nikaegemea ubavu wake, naye akanisogezea nafasi bila kuuliza nina nini. Tangu siku ile sikumwambia baba tena arudi nyumbani.

Kisha wakaja askari wapya. Mmoja aliitazama karatasi, akasema huo ni ukoloni, umekwisha, akaichana vipande vinne. Baba alisimama wima mpaka kijana yule alipomaliza. Aliinama, akaviokota. Tangu hapo hakutoka tena. Lakini kutoka kwenye benchi langu niliona kona moja ya seng'enge, na pale, asubuhi nzima, palikuwa na mtu mrefu mwenye koti. Mwalimu alinihamishia kiti karibu zaidi na dirisha.

Vita vilikwisha, tukaruhusiwa kwenda zetu. Tuliteremka Ijara na mbuzi wachache, baba akaanza upya kufuga, mvi zikiwa zimemjaa. Miaka michache baadaye nilipata nafasi katika shule ya bweni ng'ambo ya Tana. Alinisindikiza mpaka Masalani. Pale mtoni nilimuaga, nikapanda mtumbwi. Naye akapanda, ingawa hakujua kuogelea na mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania ukingo.

Ng'ambo ya pili alinikabidhi sanduku langu, akaniombea dua. Tulipogeuka, mwenye mtumbwi alikuwa amekwisha kurudi na abiria wengine.

"Utavukaje sasa, aabo?"

"Atarudi tu," akasema, akatandika koti chini na kuketi. "Wewe nenda, usichelewe."