Sinia ya Ghaliya

Ghaliya binti Naji alikuwa mfuga nyuki, na asali yake ya mkunazi ilinunuliwa na pande zote mbili za vita. Kijiji chetu kilikaa mgongoni mwa mlima, kati ya ngome ya Jamhuri na mapango ya wafuasi wa Imamu, na kwa miaka mingi hakuna upande uliosogea. Watu wa Imamu walikuwa wameifunga barabara ya bondeni. Watu wa Jamhuri walikuwa wamelijaza gereza la ngome. Miongoni mwa wafungwa hao alikuwamo Hizam, mwana wa pekee wa Ghaliya, aliyekamatwa akihamisha mizinga kufuata maua.

Wajumbe wa siri walipotafuta mahali pa kukutana, walichagua nyumba yake. Aliyepanda kwa Ghaliya hakuulizwa safari yake; ilijulikana amefuata asali.

Kwa Imamu alikuja Sheikh Daghsan, na kwa Jamhuri Kapteni Mutahhar. Walitundika bunduki mlangoni, walipolinda Bani Shuhra, kabila la Ghaliya, wakazungumza tangu asubuhi, naye jikoni akisikia kila neno. Sheikh alitaka wafungwa watoke kwanza. Kapteni alitaka barabara ifunguliwe kwanza. Kufikia adhuhuri walikuwa wakitukanana mababu, na Ghaliya alifahamu kwamba wakiondoka hivyo, Hizam atabaki gerezani.

Akatenga sinia: mkate wa matabaka uliolowa samli na asali.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kwetu, mgeni mwenye haja hali mpaka mwenye nyumba amwambie, "Umepata," yaani haja yake imekubaliwa. Sheikh alijizuia ili kumbana kapteni; kapteni naye, aliyelelewa kwa ada hiyohiyo, akajizuia kwa hasira. Katika kushindana kwao walimsahau mwenye sinia.

"Haya, mna haja gani?" Ghaliya aliuliza.

"Mama Hizam, hili halikuhusu," alisema kapteni. "Ni baina yangu na huyu mbuzi mzee."

"Mbuzi mzee ndiye aliyekufukuza bondeni!" alidakia sheikh.

"Nyamazeni. Sinia hii ya nani?"

"Yako."

"Na mkate?"

"Wako, mama."

"Basi mmeniomba mimi. Daghsan, umepata: wafungwa watatoka. Mutahhar, umepata: barabara itafunguliwa. Yote siku moja. Kuleni, samli inaganda."

Sheikh aliangua kicheko. "Unagawa barabara isiyokuwa yako!"

"Wewe ulivyoifunga ilikuwa yako?"

Kapteni hakucheka. "Sema kweli. Unamtafutia mwanao njia."

"Ndiyo, namtafutia. Nani alikwambia naficha? Lakini sijaomba kitu, walioomba ni nyinyi. Mkikataa mlichopewa, waelezeni Bani Shuhra mlangoni kwa nini mmeidharau nyumba yao."

Wote wawili walielewa kwamba njia ya kushukia ilipita mikononi mwa kabila lake. Walielewa pia jambo lililowafaa zaidi: kila mmoja angeweza kurudi kwa wakubwa wake na kusema kwamba hakumwinamia adui, bali aliitii nyumba aliyokuwa mgeni wake.

Ni nani aliyemega kwanza, mashahidi wanatofautiana. Watu wa sheikh wanashikilia kuwa ni kapteni; watu wa kapteni, kuwa ni sheikh. Ghaliya alipoulizwa uzeeni alijibu kwamba yeye alikuwa akiangalia mkate.

Vita havikwisha siku ile. Hata hivyo barabara ilifunguliwa, na haikufungwa tena. Mapatano makubwa yaliyofuata yalipita juu yake. Lori la kwanza lilipanda na magunia ya unga, na wafungwa wakiwa wamekaa juu ya magunia. Hizam aliteremka, amekonda, ndevu zimemfika kifuani.

"Mama, nyuki wangu wako wapi?"

"Wako palepale ulipowaacha. Kwanza ingia ule."

Alikaa mbele ya sinia, akaweka mikono magotini, akamtazama mama yake huku akitabasamu.

"Umepata," alisema Ghaliya, bila kumuuliza haja yake.